Michirizi kwenye ubavu wa sato

Kazi ninayoipenda kuliko zote hapa karakanani kwangu, Nyakato, ni kuchonga samaki kwenye mbao za mninga. Sato ndiye mgumu. Magamba yake ni vijistari vidogo, na kisu cha CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) nacho huacha vijistari vyake, vikipishana mteja haoni samaki tena, anaona uchafu.

Vijana wakija na kazi yenye michirizi, jambo la kwanza wanaloniuliza ni bei ya spindo mpya, yaani mota inayozungusha kisu. Nawajibu, "Mdogo wangu, pesa yako iache mfukoni kwanza. Fungua faili la G-kodi, yale maagizo ya mwendo wa mashine, tuhesabu."

Tuanze na nafasi kati ya mstari mmoja na mwingine. Kisu chenye ncha ya duara huacha matuta kama shamba la viazi, na urefu wa tuta unahesabika: zidisha nafasi kwa nafasi, gawanya kwa nusu kipenyo cha kisu mara 8. Kisu cha milimita 6, nafasi ya 1.2, tuta ni milimita 0.06, na kidole kinalisikia. Shusha nafasi iwe 0.6, tuta linabaki 0.015, yaani robo, lakini muda wa kukata unakuwa mara mbili. Kwa mgongo na tumbo la samaki mimi natoa muda huo bila kusita. Kwa ubao wa nyuma yake, hapana.

Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni urefu wa vipande vya njia yenyewe ya kisu. Programu zinazogeuza picha kuwa mchongo zinaweza kuikata njia vipande vidogo hata vya milimita 0.05, na mtu akiona hivyo anafurahi, anadhani udogo ndio ubora. Sasa chukua bodi ndogo ya Arduino yenye Grbl, programu inayoendesha mashine, ambayo wengi wetu tunatumia. Inatazama mbele hatua 16 tu, na lazima wakati wote iweze kusimama ndani ya hizo inazoziona. Hatua 16 za 0.05 ni milimita 0.8. Kama kasi ya mashine yako inaongezeka kwa milimita 200 kwa sekunde, kila sekunde, basi mwendo wa juu kabisa ni kipeuo cha pili cha 2 × 200 × 0.8, karibu milimita 18 kwa sekunde. Wewe umeandika F1500, yaani milimita 1500 kwa dakika, ambayo ni 25 kwa sekunde. Haifiki kamwe! Tena waya wa USB wenyewe, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, unapitisha herufi 11,520 hivi kwa sekunde. Mwendo wa 25 kwa vipande vya 0.05 unataka mistari 500 ya maagizo kwa sekunde, na mstari wa herufi 25 mara 500 hauingii humo. Mashine inashtuka, inangoja, inashtuka tena.

Na wakati meza inasita, kisu kinaendelea kuzunguka vilevile. Kwa mizunguko 12,000 kwa dakika na meno mawili, F1500 inampa kila jino milimita 0.0625 ya kukata. Mwendo ukianguka hadi F500, jino linapata 0.02, linasugua badala ya kukata, na mninga unaanza kuungua. Lile doa jeusi kwenye kona ya pezi linatoka hapo.

Kwa hiyo nenda kwenye programu, ruhusu kosa la milimita 0.01. Kwenye mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 2, kosa hilo linaruhusu kipande cha karibu 0.4, na hakuna jicho litakaloliona. Hapo hatua 16 ni milimita 6.4, na 25 kwa sekunde inafikiwa bila taabu. Fremu ya duara iandikwe kwa G2 na G3, amri za tao, isiwe mamia ya G1, amri ya mstari ulionyooka. Kwenye Grbl gusa $11, mpangilio wa jinsi mashine inavyopita kona, kidogo kidogo, ukisikiliza kona. Mimi naithamini sauti kuliko kioo cha kompyuta, maana mwendo uliotulia una mlio mmoja mrefu.

Baada ya hapo ndipo uangalie kisu kama kimekaa sawa kwenye koleti, kile kishikio chake, na uache milimita 0.3 ya kukata mwisho, ukifuata nyuzi za mbao. Sato wa namna hii simpigi msasa kwenye magamba. Namba 320 inapita tumboni tu, halafu vanishi.