Pioni, Baridi ya Nairobi na Waridi Mbadala

Pioni, lile ua kubwa la petali nyingi linaloenziwa Uchina, nalipenda kwa dhati, lakini sishauri mtu yeyote alipande Nairobi. Mizizi yake minene huhitaji wiki kadhaa za baridi kali, takriban nyuzi 0 hadi 5, ndipo macho yake yaamke na kuchanua. Ilhali kwetu, hata asubuhi za Julai zenye mawingu mazito, kwa kawaida kipimo hakishuki sana chini ya nyuzi 10. Utapata majani, ua hutaliona, na mimi sioni haki ya kuutesa mmea kiasi hicho.

Badala yake ninapanda waridi la petali nyingi, ambalo kwa mbali hufanana na pioni na huchanua karibu mwaka mzima. Udongo mwekundu hulifaa vizuri likipewa mboji. Wenye udongo mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ni heri wainue tuta ili maji yasituame mizizini. Mwagilia asubuhi, tena shinani, kwa sababu majani yanayolala na unyevu hushikwa na ukungu wa madoa meusi, hasa wakati wa masika. Yaliyougua yaokote na kuyatupa mbali na bustani. Ua likinyauka, kata tawi juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje, na baada ya wiki 6 hadi 8 hivi utapata mengine.