Cabral alikuwa bwana shamba kwanza

Wiki nzima hii nimekuwa nikimsoma Amílcar Cabral. Wengi tunamjua kama mpigania uhuru wa Guinea-Bissau na Cabo Verde. Kinachonivuta mimi ni kwamba kabla ya hayo alikuwa bwana shamba. Alisomea kilimo Lisbon, na mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Ureno ikampa kazi ya sensa ya kilimo huko Guinea-Bissau. Akazunguka vijijini akiuliza nani analima nini, mpunga kiasi gani, karanga kiasi gani. Wareno walitaka takwimu. Yeye akatoka na picha ya jamii nzima, tangu Wabalanta wasiokuwa na machifu hadi Wafula waliokuwa na machifu na matabaka.

Aliwaambia wenzake kwamba watu hawapiganii mawazo yaliyo kichwani mwa mtu. Wanapigana ili waishi vizuri zaidi, kwa amani, na watoto wao wawe na kesho. Basi katika maeneo yaliyokombolewa, chama chake cha PAIGC kilifungua maduka ya wananchi, mkulima akaleta mpunga na kuondoka na nguo au chumvi. Kila kijiji kikachagua kamati ya watu watano, wasipungue wanawake wawili. Hapo ndipo ninapompenda hasa. Nimekulia kijijini, nimeona maofisa wakisimama barabarani na viatu vyao safi, wakiandika mavuno ya shamba ambalo hawajalikanyaga.

Na watu wake mwenyewe hakuwaonea haya. Februari 1964, vita ina mwaka mmoja tu, aliitisha mkutano Cassacá, kusini mwa nchi. Baadhi ya makamanda walishageuka miungu-watu: wanatesa wanavijiji, wanachukua wasichana kwa nguvu, wanaua watu kwa tuhuma za uchawi. Wakawajibishwa, vita ikiendelea. Ni viongozi wangapi wangesema tumalize vita kwanza, hayo mengine baadaye?

Linalonisumbua ni lile alilosema Havana mwaka 1966: kwamba bepari mdogo, yaani msomi au karani anayerithi dola, ana njia mbili, ama ayasaliti mapinduzi, ama ajiue kama tabaka, yaani aachane na maslahi ya tabaka lake, na kuzaliwa upya kama mfanyakazi wa mapinduzi aliye upande wa wananchi. Sawa, lakini ni nani wa kumlazimisha? Cabral aliliachia dhamiri ya mtu, na mimi naona dhamiri peke yake haitoshi, hata kwa watu waliokula mizizi pamoja msituni. Yeye mwenyewe aliuawa Conakry, mji mkuu wa nchi jirani ya Guinea, tarehe 20 Januari 1973 na watu wa chama chake, miezi minane kabla uhuru haujatangazwa. Mwaka 1980 Nino Vieira, kamanda hodari wa kusini, akampindua Rais Luís Cabral, ndugu yake Amílcar. Sidhani kama kuna kamati ya kijiji hata moja iliyoulizwa.