Kipimo cha Kusikia Kinachoishia Njiani

Mtoto wa dada yangu alizaliwa njiti katika hospitali mojawapo ya hapa Dar es Salaam, akakaa wodi ya watoto wachanga kwa muda mrefu, akawekwa kwenye taa kwa sababu ya manjano, na kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alipimwa masikio. Majibu yakasema yote mawili yako sawa. Alipopita miaka miwili bila kutamka neno, na baada ya kuzunguka kliniki nyingi, tukaambiwa kwamba masikio yake hupokea sauti vizuri, ila neva inayopaswa kuzifikisha kwenye ubongo haifanyi kazi inavyotakiwa. Kipimo cha kwanza hakikudanganya. Kilipima sehemu moja ya njia ya sauti, na hakuna aliyemweleza dada kwamba sehemu iliyobaki haikuguswa.

Tangu hapo nimejitahidi kulielewa jambo hili, na ninaliandika kwa ajili ya wazazi wenzetu na kwa wauguzi wanaowahudumia.

Sauti ikitikisa kiwambo cha sikio, mifupa mitatu midogo huupeleka mtikisiko huo hadi kwenye koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio, ambamo kuna aina mbili za seli zenye vinyweleo. Seli za nje hukuza mtikisiko, na zinapofanya kazi hiyo hutoa mwangwi mdogo sana unaorudi hadi kwenye tundu la sikio. David Kemp aliugundua mwangwi huo London mwaka 1978, na kutokana na ugunduzi wake kikapatikana kipimo cha haraka ambacho leo kinatumika duniani kote: kidude laini kinawekwa sikioni, mtoto akiwa ametulia, na baada ya muda mfupi mashine inaonyesha kama mwangwi umerudi. Lakini zinazoigeuza sauti kuwa ishara na kuikabidhi neva ni seli za ndani, na neva ndiyo inayoipeleka ishara kwenye shina la ubongo. Mwangwi unaweza kurudi ukiwa mzuri kabisa ilhali mbele ya seli za nje hakuna kinachopita, au kinachopita kimevurugika kiasi kwamba mtoto anasikia kelele asizoweza kuzitofautisha kuwa maneno. Hali hiyo ilielezwa kwa kina mwaka 1996 na Arnold Starr na wenzake, na inakadiriwa kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kila kumi wenye upotevu wa kudumu wa kusikia anayo.

Kinachonisumbua zaidi ni manjano, kwa sababu hapa ndipo kipimo cha mwangwi kinapomkosa mtoto yule yule anayekihitaji. Bilirubini, ile kemikali inayoleta rangi ya manjano, ikipanda sana katika damu ya mtoto mchanga huweza kupenya kwenye ubongo, na miongoni mwa sehemu zinazodhurika mapema ni neva ya kusikia na vituo vyake ndani ya shina la ubongo, huku seli za nje za koklea zikibaki salama. Mama aliyejifungua kawaida katika jiji letu mara nyingi huruhusiwa kuondoka ndani ya siku moja au mbili, wakati manjano kwa kawaida hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Kwa hiyo hata mtoto aliyepimwa kabla ya kutoka wodini anaweza kudhurika baadaye akiwa nyumbani. Ngozi yetu nyeusi nayo huficha rangi hiyo, hivyo inafaa kutazama weupe wa macho na fizi. Na jua la asubuhi, ambalo mama zetu wamelitegemea kwa nia njema, haliwezi kushika nafasi ya taa za hospitali bilirubini inapokuwa juu. Niongeze jambo ambalo wengi hawaambiwi: zile dawa nyeupe za vidonge zinazowekwa kwenye nguo ili zisiliwe na wadudu zinaweza kuvunja chembe za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao si nadra katika jamii zetu, na manjano yake yakawa makali ghafla.

Kipimo kinachofika hadi kwenye neva kipo. Vibandiko vidogo vinabandikwa kwenye paji la uso na nyuma ya shingo au karibu na sikio, mtoto anachezewa sauti fupi za kiasi cha desibeli 35 akiwa amelala, na mashine inasoma yenyewe kama shina la ubongo limeitikia. Kinachukua muda mrefu kuliko cha mwangwi na vibandiko vyake vinagharimu. Sidai kwamba kila mtoto anayezaliwa Dar es Salaam apimwe hivyo kesho, hali watoto wengi hutoka wodini bila kipimo chochote. Lakini Kamati ya Pamoja ya Usikivu wa Watoto Wachanga ya Marekani ilipendekeza tangu mwaka 2007 kwamba kila mtoto aliyelazwa zaidi ya siku 5 katika uangalizi maalumu apimwe kwa njia hii, na naona hapo ndipo sisi pia tuanzie: watoto njiti, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa na waliobadilishiwa damu kwa sababu ya manjano, katika Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala. Mtoto aliyerudishwa hospitalini kwa manjano makali apimwe upya, hata kama alishafaulu mwanzoni. Na mtoto aliyeshindwa kipimo cha neva asirudiwe kwa kile cha mwangwi na kuhesabiwa mzima, kwa sababu kufanya hivyo ni kuutupa ushahidi uliokwisha kupatikana.

Jambo moja halihitaji fedha kabisa, nalo ni kuandika kwenye kadi ya kliniki ni kipimo gani kilichofanyika. Kama kadi ya mpwa wangu ingesema kwamba neva haijapimwa, daktari wa kwanza aliyemwona angejua pa kuanzia.

Wapo pia watoto wazima kabisa, waliotimiza miezi yao tumboni, wenye kasoro ya jeni iitwayo OTOF inayoleta tatizo hili hili la kusikia, ambao hawana dalili yoyote ya kuwatenga na wenzao. Hao huokolewa na mzazi anayeeleza kwamba mtoto haelewi anachoambiwa, na mhudumu anayekubali kumsikiliza hata majibu ya awali yakiwa mazuri.

Wanaogundulika mapema wana njia mbele yao. Shimesikio, kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, huwasaidia baadhi. Wengine hunufaika na kifaa kinachopandikizwa kwenye koklea, upasuaji ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017, baada ya picha za MRI kuthibitisha kwamba neva ipo. Kwa kasoro ya OTOF, matokeo ya tiba ya jeni yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha watoto walioanza kusikia. Lugha ya alama nayo isingojwe hadi mengine yashindikane, kwa kuwa ubongo wa mtoto unahitaji lugha mapema, iwe kwa sikio au kwa jicho. Mpwa wangu na mama yake wanajifunza pamoja sasa, na dada amemwomba daktari wake aandike kwa wino kwenye kadi ya mtoto kwamba tatizo liko kwenye neva.