Chupa tisa kwenye meza ya mama

Jumatano, usiku

Jumamosi mama anatimiza miaka 70, na mdogo wangu ameshagawa kazi kama jemadari. Yeye jikoni, kaka viti, mimi "kupendezesha meza". Nilipomuuliza fungu la kupendezesha ni kiasi gani, alicheka akakata simu. Jibu nimelipata.

Sina haki ya kulalamika, maana mwaka juzi nilipewa pesa na nikazichezea. Niliagiza pambo moja kubwa la katikati ya meza, mawaridi na majani ya kila namna, limeumuka kama kichuguu. Kila aliyeingia alilisifu. Halafu watu wakakaa. Mjomba akawa upande huu, shangazi upande ule, msitu wangu katikati, na kila mmoja anachungulia kwa pembeni kama abiria anayetazamia basi. Haikupita robo saa mama akainuka, akalibeba lile pambo bila kusema neno, akalitua sakafuni nyuma ya mlango. Mazungumzo yakaanza palepale.

Niliwaambia sikuudhika. Niliudhika siku tatu.

Siku ya kulivunja ndipo nilipokutana na lile tofali la kijani lililofichwa chini, sponji ambayo wauza maua huchomekea vikonyo. Lilipondeka mkononi likawa unga. Unga wenyewe ni plastiki. Sponji hii ilibuniwa Marekani na Vernon Smithers mwaka 1954, na ilipendwa kwa sababu hunywa maji mengi na kushika ua mahali popote unapolichoma. Lakini haiozi. Hukatikakatika tu ikawa chembe, na ukimwaga maji yake kwenye sinki chembe zinakwenda nayo. Tangu hapo sijainunua, na sijaikumbuka hata mara moja.

Kwa hiyo safari hii hakuna pesa, hakuna sponji, na hakuna msitu. Wazo nililo nalo ni chupa.

Alhamisi

Nimeloweka chupa tangu asubuhi. Tisa: za siki, za dawa ya kifua, moja ya manukato, moja ya kijani ya shingo ndefu ambayo sijui ilikuwa ya nini. Karatasi zinatoka zenyewe kwenye maji ya uvuguvugu. Gundi inayobaki nimeisugua kwa mafuta ya kupikia kidogo, halafu sabuni. Kazi ya nusu saa, vidole vikanata mpaka jioni.

Nimejifunza kuangalia mdomo wa chombo kabla ya kitu kingine chochote. Chupa ya shingo nyembamba inalishika ua moja likasimama kama mgeni aliyealikwa. Ua hilohilo kwenye gudulia la mdomo mpana linaanguka ukingoni, na ukiongeza kumi bado panaonekana pamepungua kitu. Ndiyo maana watu wenye vyombo vikubwa hununua maua mengi: wanalisha chombo. Mwenye bakuli pana anaweza kuvusha vipande vya selotepu mdomoni, vitatu hivi kwenda huku na vitatu kwenda kule, apate vijumba vidogo vya kuchomekea. Au akunje waya wa kuku auingize ndani. Inafanya kazi vizuri, nimeijaribu. Lakini nina chupa tisa na nguvu chache.

Inasimuliwa kwamba huko Japani, karne ya 16, bingwa wa sherehe za chai Sen no Rikyu alikuwa na bustani ya maua yanayotambaa, yale yanayofunguka alfajiri, na sifa zake zikamfikia mtawala Toyotomi Hideyoshi. Akaja kuyaona. Akakuta bustani nzima imekatwa, hakuna hata moja. Alipoingia kwenye chumba cha chai, akaliona ua moja, peke yake. Kisa hiki husimuliwa kwa kustaajabia akili ya Rikyu. Mimi kila nikikisikia nawaonea huruma yale mengine. Ila sikatai kwamba Hideyoshi aliliona lile moja kuliko ambavyo angeyaona mia.

Kipimo cha urefu nacho ni rahisi: kaa mezani, weka kiwiko juu ya meza, simamisha mkono. Ua lisipite kifundo cha mkono. Wengine husema sentimita 30 na kushuka. Mimi mkono wangu ninao kila mahali, rula sinayo.

Ijumaa, saa nne usiku

Nimenunua fungu moja la tulipu, fungu moja la narsisi, na karnesheni tano. Basi. Ni mwanzo wa majira ya kuchipua, tulipu na narsisi zimejaa mpaka zinamwagika kwenye ndoo za wauzaji, na kitu kikijaa bei hushuka yenyewe. Ukitaka mawaridi wakati huu utalipia safari yake ya ndege.

Nilichagua yaliyofumba. Muuzaji alinisukumia narsisi zilizokwisha kufunguka, nzuri kweli, nikamwambia hizo zimeshafanya sherehe yake. Narsisi nazitaka zikiwa nyembamba kama penseli, rangi ya njano inachungulia tu kwenye tumba. Kesho mchana zitakuwa wazi. Tulipu vilevile, tumba gumu lakini rangi iwe imeshajitokeza. Lililo kijani kabisa linaweza kukaa hivyohivyo mpaka likafa. Karnesheni nilizichukua kwa sababu moja, nazo zinadharauliwa kwa sababu hiyohiyo: hazifi haraka. Wiki mbili ni kawaida yake. Watu huziita maua ya bei rahisi kana kwamba ni tusi.

Njiani nilikuwa nikiziwaza tulipu. Uholanzi ya miaka ya 1630 tunguu moja la aina adimu liliweza kuuzwa kwa zaidi ya mapato ya fundi ya mwaka mzima, mpaka Februari 1637 bei zikaporomoka. Na yaliyosakwa zaidi ni yale yenye michirizi kwenye petali, kama miali ya moto. Karne tatu baadaye ikagunduliwa kwamba michirizi ile ilitokana na virusi. Walikuwa wakigombania ugonjwa. Zangu ni za rangi moja, waridi iliyopauka, zina afya na zimefungwa kwa mpira wa plastiki.

Sasa kazi. Nimekata sentimita mbili tatu chini ya kila kikonyo, kwa mshazari, kwa kisu kikali maana mkasi wangu unabana badala ya kukata. Majani yote ambayo yangezama nimeyaondoa. Hili nalirudia kwa sababu ndilo linaloua maua ya watu wengi. Jani likikaa majini huoza, bakteria wanazaliana, wanaziba vile vijimfereji vya kikonyo, na ua linakufa kwa kiu huku limesimama kwenye maji. Halafu watu husema waliuziwa maua mabovu. Kuhusu kutia sukari: sukari hulisha ua, kweli, lakini huwalisha na bakteria, na usipotia kitu cha kuwazuia umewapikia karamu. Mimi nabadilisha maji tu.

Narsisi ziko kwenye ndoo yake, peke yake. Zikikatwa hutoa utelezi kama mate, na utelezi huo unazidhuru tulipu zikichangia maji. Dawa ni kuziacha zikae peke yake usiku kucha zimalize kutoka, kisha uzihamishe bila kuzikata tena. Ukizikata umefungua bomba upya. Kwa kuwa kila aina ya ua itakuwa na chupa zake ningeweza kupuuza yote hayo. Lakini nimeshazoea, na utelezi wenyewe huwasha ngozi.

Na kuna matawi! Nilikuwa nimeyasahau. Wiki tatu zilizopita jirani alikuwa anapogoa mcheri wake, matumba yameanza kuvimba, naye anayatupa. Nilimwomba, nikayatia kwenye ndoo ya maji ndani, ambako kuna joto. Mti ukishapitia baridi yake ya kutosha, joto linauambia muda umefika. Leo yamechanua, meupe, yakiuwahi mti wenyewe uliobaki nje. Hayajanigharimu kitu zaidi ya aibu ya kuomba takataka.

Jumamosi, alfajiri

Siwezi kulala. Niandike mistari miwili kisha nioge. Usiku nimeota mama anabeba chupa moja moja na kuzipeleka nyuma ya mlango.

Jumapili, mchana

Nianze na matata. Nilifika kwa mama mapema, nikapanga chupa katikati ya meza. Nilianza kwa mstari ulionyooka, ikaonekana kama rafu ya duka la dawa. Nikazitenganisha: tatu karibu karibu, nafasi, mbili, nafasi kubwa, nne. Ndefu haikai kando ya ndefu. Matawi ya mcheri nilitaka kuyaweka mezani, nikapima kwa kiwiko, yakashindwa; yakaenda juu ya kabati, na huko ndiko yalikopendeza kuliko chochote nilichokifanya siku nzima. Pengine kwa sababu sikuyagusa tena.

Mdogo wangu akaja na bakuli la matunda yaliyoiva, akaliweka kati ya tulipu na karnesheni. Nikaliondoa. Akalirudisha. Nikamweleza kwamba matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini, ndiyo inayofanya matunda yaivishane, na karnesheni zikiinusa huzeeka kabla ya siku zake. Akaniuliza, zitazeeka kabla ya saa kumi jioni? Nikanyamaza. Kwa mchana mmoja hakuna ua litakalokufa kwa bakuli la matunda. Tatizo ni kuziacha pamoja siku nzima na usiku. Bakuli likabaki, nami nikajifanya nimesahau.

Jambo la pili halikuwa la mzaha. Mgeni mmoja alileta shada la mayungiyungi, yaani lili, makubwa, harufu imejaa mpaka sebuleni, akataka yawe katikati ya meza. Sipendi ua lenye harufu kali mbele ya chakula, mtu anajikuta anakula manukato. Lakini kubwa zaidi ni kwamba mama ana paka. Yungiyungi halisi ni sumu kwa paka, kila sehemu yake, hata chavua akiilamba kwenye manyoya, hata maji ya kwenye chombo, huua figo. Nami nitamwambiaje mtu mzima aliyevaa vizuri kwamba zawadi yake inaua? Nilimshukuru kwa mikono miwili, nikasema mama atayafurahia, nikayapeleka hadi kwenye gari la kaka na kufunga mlango. Baadaye nikamweleza chemba. Akashtuka kuliko mimi. Naye ana wawili. Kaka amegundua chavua kwenye kiti chake leo asubuhi. Nimemwambia asisugue kwa kitambaa chenye maji, inaganda. Aibandulie kwa selotepu. Hajanijibu.

Mengine yote yalikwenda. Watu walikaa, wakaonana. Hakuna aliyesifu maua mlangoni, nakiri nilisubiri. Ila nilipokuwa nimesimama jikoni nikaona mjomba, katikati ya hadithi yake ndefu ya siku zote, anasogeza chupa ya manukato kwa kidole, anaifanya kuwa yeye mwenyewe, na chupa ya siki inakuwa yule askari, na karnesheni nyekundu ndiyo barabara ilipopinda. Shangazi akairudisha chupa nyuma, akasema hapana, wewe ulikuwa huku. Hilo, pambo langu la mwaka juzi lisingeliweza.

Tulipu hazikunisikia hata kidogo. Asubuhi nilizisimamisha wima, saa tisa zote zilikuwa zimelala kuelekea dirishani. Tulipu huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa, kwa sentimita kadhaa, na upande wa kikonyo ulio kivulini hukua haraka kuliko ule wa mwangani, ndiyo maana hupinda. Zamani nilikuwa nazizungusha kila saa, nazifunga kwa karatasi, nazichoma sindano chini ya tumba kwa sababu mtu fulani aliniambia. Jana niliziacha. Wageni wa upande wa dirisha walipata nyuso, wa upande wa pili wakapata visogo.

Wakati wa kuaga mama alisimama mlangoni na kumpa kila mtu chupa yake na ua ndani. Sikumwambia afanye hivyo. Mtoto wa kaka alichukua ile ya manukato, akailalia kifuani, maji yote yakamwagika kwenye shati.

Alhamisi

Nimeletewa karnesheni mbili, nazo bado zimesimama kama jana. Narsisi zimekuwa karatasi. Mdogo wangu amenitumia picha ya tulipu yake: imefunguka mpaka ikageuka sahani, petali moja imeshaanguka mezani, na hajaiondoa.

Mama alipiga simu jioni. Hakutaja maua. Aliuliza kama ile chupa ya kijani, ya shingo ndefu, ninaihitaji.