Kutoka Kwihara hadi kwa Baba Mdogo

Bodaboda alinishusha Kwihara saa nne asubuhi, suruali imeshageuka rangi ya udongo. Kutoka mjini Tabora si mbali, lakini vumbi la kiangazi halimwachi mtu. Nilifuata nyumba ya tembe aliyokaa David Livingstone mwaka 1872: kuta nene, paa bapa, mlango wa nakshi kama wa Pwani.

Mzungu mwenyewe ameshasemwa vya kutosha. Mimi nilikuwa na hamu ya karatasi zake. Machi 14, 1872, Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliagana naye huku Unyanyembe, jina la zamani la eneo hili la Tabora, akaondoka na shajara ya Livingstone iliyopigwa lakiri. Ile ilikuwa nakala safi. Rasimu ya 1871 aliiandika Kongo, karatasi na wino vimemwishia, akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya porini. Wino ukafifia, gazeti likabaki. Karne na zaidi kurasa zile hazikusomeka vizuri, mpaka zilipopigwa picha kwa mianga ya rangi mbalimbali katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh, na kompyuta ikayafifisha maandishi ya gazeti. Ndipo mauaji ya sokoni Nyangwe, huko huko Kongo, ya Julai 15, 1871, yakasomeka kama alivyoyaandika mara ya kwanza, kabla hajayapunguza makali kwenye nakala safi.

Nasi tuna Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, na sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kitabu chake. Sawa, lakini kisichochapishwa je?

Jioni nilipiga hodi kwa baba mdogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemwona mzungu wako?"

Akanitolea kaunta buku lake la nyimbo za ngoma za Kinyamwezi, alizoziandika tangu ujana. Nililijua. Sikujua kwamba mchwa nao wamelijua: wametoboa kuanzia jalada, tundu la ukubwa wa kidole likapita wimbo hadi wimbo. Nikapuliza udongo, nikachukua penseli. Yeye akaimba taratibu, akifika penye tundu ananyanyua kidole, nami naandika pembeni neno lililoliwa.

Wimbo wa tatu, ubeti wa pili, akanyamaza. Akaurudia mwanzo, akanyamaza palepale.

"Hapa alikuwa anapajua bibi yako," akasema. "Acha nafasi."

Nikaacha mistari miwili.