Makaa ya Mifupa

Mtu wa Njoro, kule Nakuru, hutambulika akicheka. Nilipoingia shule ya bweni, wenzangu kutoka Kakamega waliniuliza kama kwetu hatujui mswaki. Tunaujua sana. Meno yetu huwa ya kahawia kwa sababu ya madini ya floraidi, ambayo hutoka kwenye mawe ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia katika maji ya visima virefu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita; visima vingi vya huku hupita hapo.

Likizo moja, watu wa mradi wa maji walikuja kanisani baada ya misa na ndoo za plastiki zenye bomba, ndani zimejaa chembe nyeusi. Shosho, ambaye hukaa benchi la mbele hata harusini, akauliza ni nini.

"Makaa ya mifupa ya ng'ombe, shosho. Tunaichoma tanurini, tunaisaga, tunaiosha. Maji yakipita, floraidi inanaswa humo."

"Kumbe! Na miaka yote hii mifupa nawatupia mbwa!"

Watu walicheka, Mama hakucheka. Alisema yeye huchemsha maji kila siku, kama alivyofundishwa kliniki. Kijana wa mradi akamweleza taratibu kwamba moto huua vijidudu tu. Floraidi haitoki na mvuke, na maji yakipungua sufuriani ndivyo inavyokolea. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hayo makaa yakichoka, nitajuaje?"

Kijana akakohoa. Huwezi kujua kwa macho wala kwa ulimi. Lazima maji yapimwe, makaa yabadilishwe, na bei ya makaa mapya ni juu ya mwenye ndoo. Wafadhili walikuwa wamelipia sehemu ya ndoo tu. Kwangu mimi mkutano ulikuwa swali hilo. Mengine yalikuwa hotuba na soda.

Akina mama wa chama walikubaliana palepale kuchanga kila mwezi. Meno yangu yalikuwa yameshaota, hayangeokolewa, lakini mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Mama akapiga marufuku: maji ya ndoo ni ya kunywa, chai na uji wa mtoto, atakayeyaogea atamjua.

Jirani yetu alikataa kuchanga. Makaa yake yalipochoka aliyamwaga shambani, na ndoo akawekea maharagwe.