Siku moja maishani mwangu: mwongoza wavuvi wa trauti kwenye Mto Thego

Saa 11 alfajiri. Kiganjo bado giza, baridi ya Mlima Kenya inauma vidole. Nakunywa chai huku nikikagua mkoba: mishipi, kisanduku cha flai (ndoana zilizofungwa zifanane na wadudu wanaoliwa na trauti), kioo cha kukuza, na sinia jeupe la plastiki. Fimbo ya kuvulia naweza kuazima. Sinia siachi nyumbani.

Saa 12 na nusu. Mgeni wangu ni mwalimu mstaafu kutoka Nairobi. Amekuja na kitabu cha Uingereza chenye jedwali la wadudu wanaoruka kila mwezi.

"Mwalimu," namwambia, "hapa tuko karibu na ikweta, hatuna majira kama ya Uingereza. Jedwali hilo halitatusaidia. Tugeuze mawe tuone."

Saa 1. Hii ndiyo saa niipendayo. Nasimama maji yakinifika magotini, nakinga wavu. Mwalimu, upande wa juu wa mto, anageuza mawe na kuyasugua. Tunamwaga kila kitu kwenye sinia, tunatulia kidogo. Mara takataka zinaanza kutembea.

Mwembamba anayeogelea kwa kuchapa tumbo ni tunutu, yaani mdudu mchanga asiye na mabawa bado, wa meiflai, familia ya Baetidae. Yule bapa aliyeng'ang'ania jiwe, macho yakiwa juu ya kichwa, ni meiflai pia, wa Heptageniidae. Mwalimu anataka kuhesabu mikia. Mimi siiamini mikia peke yake: meiflai wengi wana mitatu, wengine miwili, na hukatika ovyo. Tazama matamvua (ya kupumulia majini) yaliyopangana ubavuni mwa tumbo, kisha ncha ya mguu: ukucha mmoja. Stonflai, mdudu mwingine wa mtoni, ana kucha mbili kila mguu, na matamvua yake yako kifuani, karibu na mashina ya miguu. Kadisi, mdudu wa tatu, akiwa mchanga anafanana na kiwavi. Wengine hujenga nyumba ya mchanga, wengine hutega nyavu ndogo kati ya mawe.

Leo Baetidae ndio wengi, na vifuko vya mabawa vya baadhi yao vimeshakuwa vyeusi. Hao wako tayari kutoka majini. Nachagua Pheasant Tail ndogo, flai iliyobuniwa na Frank Sawyer, ya manyoya ya mkia wa fezanti (ndege wa jamii ya kwale) na waya wa shaba tu.

Saa 4. Trauti wa kwanza, kisha wa pili.

Saa 7. Chakula cha mchana. Tunapasua samaki tuliyemweka: tumboni mna tunutu, kadisi na nyumba zao, na sisimizi kadhaa walioanguka kutoka vichakani. Naandika yote kwenye daftari.

Saa 11 jioni. Meiflai wanapaa, mabawa wima, ya kijivu yasiyong'aa. Mwalimu anadhani wamekomaa. Bado: watajichuna ngozi mara moja zaidi, jambo ambalo mdudu mwingine yeyote mwenye mabawa hafanyi, ndipo mabawa yawe angavu. Hawali chochote, kinywa chao hakifanyi kazi. Tunabadili flai, tunavua juu ya maji hadi askari wa wanyamapori anapotuita, kwa kuwa nyati hushuka kunywa.

Saa 2 usiku. Kesho ni Mto Gura, ambako mayai ya trauti kutoka Scotland yalipandikizwa mwaka 1905. Gura una kasi kuliko Thego, kwa hiyo nafunga flai za mfano wa tunutu zenye shanga nzito ili zizame haraka.